PLASTIKI HAIOZI, INAVUNJIKA: TUIOKOTE INGALI KUBWA

Somo kwa vikundi: Maji na Mazingira



Katika somo hili tunazungumza juu ya takataka ambayo wengi wetu hatujaiona kwa macho, ingawa yawezekana tumeshainywa. Tunaomba katibu wa kikundi alisome kwa sauti, polepole. Penye swali, simameni mjadiliane kwanza. Kama muda hautoshi, ligawanyeni kwa mikutano miwili, lakini sehemu ya mwisho msiiruke, maana ndiyo yenye kazi.

1. JAMBO LILILOTUPATA KWENYE CHEMCHEMI

Tuanze na kosa letu wenyewe. Kuna kikundi kimoja cha kina mama, huko juu kwenye vilima vinavyopeleka maji katika Mto Nzoia. Miaka mingi iliyopita ofisi yetu ilikisaidia kuotesha miche ya miti ili kuihifadhi chemchemi iliyokuwa ikikauka. Miche iliota, ikapandwa, ikashika. Leo ni miti mirefu, na chemchemi haikauki tena hata wakati wa kiangazi. Kila tulikokwenda tulikuwa tukiitaja kazi ile kama mfano mwema.

Basi hivi karibuni bomba la chemchemi likaanza kutoa maji kidogo. Kikundi kikakubaliana kufukua nyuma ya ukuta wa saruji ili kuondoa matope, na sisi tukaalikwa. Jembe la kwanza lilileta udongo pamoja na karatasi nyeusi za plastiki. Jembe la pili vilevile. Kumbe zilikuwa zile karatasi za miche, zile za kuoteshea. Nyingine zilikuwa bado nzima, mizizi imejaa ndani yake kama mguu ndani ya soksi. Nyingine zilikuwa zimechakaa, ukizishika zinapasuka na kuwa kama majani ya chai. Na katika matope yaliyotoka mdomoni mwa bomba mlikuwa na vipande vyeusi vidogo vidogo, vingi, visivyohesabika.

Mama mmoja aliviweka kiganjani akatuuliza: "Mwalimu, hii si ni ile karatasi mlituletea nyinyi?"

Ilikuwa ndiyo. Tulikuwa tumefundisha namna ya kujaza udongo, namna ya kunyunyizia maji, na namna ya kupasua karatasi kwa wembe siku ya kupanda. Hatukufundisha karatasi iende wapi baada ya hapo. Basi wengine waliiacha shimoni, wengine waliitupa kando, na wengine walipanda mche pamoja na karatasi yake.

Mzee mmoja wa kikundi naye akauliza swali lililotunyamazisha: "Kwa hivyo, wakati huo wote tulikuwa tunalinda maji ama tulikuwa tunayachafua?"

Somo hili ni jibu letu kwa mzee huyo.

2. PLASTIKI HUVUNJIKA VIPI?

Jani la mgomba likianguka shambani, wadudu, kuvu na vijidudu vya udongoni hulila mpaka likawa udongo. Huko ndiko kuoza. Lakini plastiki imetengenezwa kwa mafuta ya petroli na gesi, na vijidudu vya udongoni karibu haviwezi kuila. Kwa hivyo inakaa miaka na miaka.

Inakaa, lakini haikai nzima. Jua linaikausha na kuiondolea nguvu. Joto la mchana na baridi ya usiku vinaipasua. Kwato za ng'ombe na magurudumu vinaisaga. Maji ya mvua yanaisugua kwenye mchanga na mawe.

Kila mmoja wetu ameona jambo hili kwa gunia la nailoni. Likiwa jipya, linabeba kilo 90 za mahindi bila wasiwasi. Likiachwa juani miezi kadhaa, ukilishika linavunjika mkononi na kuacha nyuzi nyeupe vidoleni. Tena upepo ukivuma, nyuzi zinaruka. Huwa tunasema, "Gunia limeisha." Halikuisha. Limegeuka nyuzi maelfu, na kila uzi ungali plastiki ileile.

Vipande vyote vya plastiki vilivyo chini ya milimita 5, yaani kama punje ya ndengu na kushuka chini, wataalamu huviita maikroplastiki. Vingine ni vidogo hata kuliko vumbi la unga. Jina hili lilienea baada ya mwaka 2004, wakati Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, na wenzake walipochapisha utafiti wao. Walikuta nyuzi na vipande vya plastiki ndani ya mchanga wa pwani. Kisha wakakagua sampuli za viumbe vidogo vya baharini zilizohifadhiwa tangu miaka ya 1960, wakaona kwamba plastiki iliyomo imeongezeka jinsi miaka ilivyopita.

Hapa kijijini kwetu chembe hizi zinatoka wapi? Hebu tuzihesabu:

(a) Magunia ya nailoni, hasa yale ya bustani za gunia na yale tunayojaza udongo ili kuziba makorongo.

(b) Karatasi za miche, na nailoni za kutandika vidimbwi vya maji zikipigwa na jua kwenye ukingo.

(c) Kamba za nailoni za kufungia ng'ombe, na nyavu kuukuu za kuvulia samaki.

(d) Nguo za poliesta na nailoni, za dukani na za mitumba. Kila zinapofuliwa hutoa nyuzi nyembamba sana zinazokwenda na maji ya sabuni.

(e) Mitungi, ndoo, beseni, malapa na viatu vya plastiki vilivyopasuka.

(f) Karatasi za mkate, za maziwa na za sabuni, na chupa za soda na maji.

(g) Magurudumu ya magari na bodaboda, ambayo husagika barabarani kidogo kidogo na unga wake kuoshwa na mvua hadi mtaroni.

Mtu atauliza, "Si serikali ilipiga marufuku juala?" Ni kweli. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imekatazwa hapa Kenya, na sheria ikaweka faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha kati ya mwaka 1 na miaka 4. Sote tumeona tofauti: ua na miti haining'inii juala kama zamani. Lakini vitu vingi katika orodha yetu bado viko, na juala za zamani zilizofukiwa zingali udongoni zikiendelea kuvunjika.

3. KUTOKA KILIMANI HADI ZIWANI

Mvua ikinyesha, maji hayaulizi kipi ni cha nani. Yanabeba kila kilicho chepesi: majani makavu, samadi, udongo wa juu, na vipande vya plastiki. Kutoka shambani yanaingia mferejini, kutoka mferejini yanaingia kwenye kijito, na kijito kinaingia mtoni.

Mto Nzoia hukusanya maji ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani, ukapita nchi yenye watu wengi na miji mingi, kisha ukaingia Ziwa Victoria huko Budalang'i. Wenzetu wa Budalang'i wanaujua mto huu kwa mafuriko yake. Takataka ya watu wa juu huwafikia wa chini mlangoni.

Sasa tulitazame ziwa lenyewe. Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, na ni letu pamoja na ndugu zetu wa Uganda na Tanzania. Mito mingi inaingia humo, lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile kule Jinja. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa haitoki kwa mlango huo. Inapanda juu kama mvuke kwa ajili ya jua. Plastiki haipandi na mvuke. Ni kama sufuria ya chumvi jikoni: maji yanakauka, chumvi inabaki. Kwa hivyo plastiki nyingi inayoingia ziwani inakaa humo, na kila masika inaongezewa nyingine.

Haya si maneno ya kukisia. Watafiti walinunua samaki katika soko la Mwanza, Tanzania, wakawapasua matumbo na kuchunguza kilichomo. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016: katika mbuta na katika ngege vilevile, samaki 1 kati ya 5 alithibitishwa kuwa na chembe za plastiki. Mwaka 2020 utafiti mwingine ulichapishwa kuhusu Ziwa Naivasha, na humo pia chembe hizi zilipatikana juu ya maji. Upande wa Bahari ya Hindi, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba hata viumbe vidogo kabisa vinavyoelea katika maji ya Kenya, vile ambavyo samaki wadogo huvila, vimemeza plastiki.

4. ZINADHURU NINI?

Madhara yake tuyapange katika mafungu manne.

Kwanza, zinashibisha bila kulisha. Kiumbe cha majini hakijui kutofautisha chembe ya plastiki na chakula chake. Kikimeza nyingi, tumbo linajaa, lakini mwili haupati kitu. Kinakua polepole na kuzaa kidogo. Samaki mdogo anakula viumbe hivyo, samaki mkubwa anakula mdogo, na mvuvi anavuta wavu.

Pili, zinabeba mizigo. Plastiki yenyewe ilitiwa dawa kiwandani ili iwe laini, iwe na rangi au isiungue upesi, na dawa hizo zinaweza kutoka polepole. Tena ikiwa majini, chembe hushikwa na sumu nyingine zilizomo, kama mabaki ya dawa za wadudu kutoka mashambani. Vijidudu navyo hujenga makao juu yake na kusafiri nayo.

Tatu, zinaingia udongoni. Udongo wenye rutuba unalimwa na nyungunyungu kabla haujalimwa na jembe. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016, nyungunyungu waliopewa majani yaliyochanganywa na chembe nyingi za plastiki walikua kwa shida, na wengi zaidi walikufa. Kwa hivyo mkulima anayechanganya samadi na takataka za jikoni zenye plastiki anaiharibu mbolea yake mwenyewe.

Nne, vipande vikubwa vinaua kabla havijavunjika. Ng'ombe na mbuzi humeza karatasi zenye harufu ya chakula. Zinajikunja tumboni, mnyama anavimba, anaacha kula na kudhoofika. Mfugaji anafikiri amerogwa au dawa ya minyoo imekuwa hafifu, kumbe ni karatasi.

5. JE, MAJI YETU YA KUNYWA?

Hapa tunaomba tusikilizane vizuri, maana habari za nusunusu huleta hofu.

Ni kweli kwamba chembe hizi zimepatikana katika maji ya mfereji, maji ya chupa, chumvi, hata ndani ya miili ya watu. Mwaka 2022 wachunguzi wa Uholanzi walitangaza kwamba wamezikuta katika damu ya watu 17 kati ya 22 waliopimwa. Mwaka 2024 madaktari wa Italia walichapisha habari za wagonjwa waliokuwa na plastiki katika mafuta yaliyoganda ndani ya mishipa ya shingo. Wagonjwa hao walipatwa zaidi na mshtuko wa moyo na kiharusi kuliko wale wasiokuwa nayo. Utafiti ule haukuthibitisha kwamba plastiki ndiyo iliyowaletea ugonjwa, lakini ni jambo la kutufanya tuwe macho.

Upande mwingine, Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2019 juu ya chembe hizi katika maji ya kunywa. Lilisema kwamba kwa kiasi kilichojulikana wakati huo hakukuwa na dalili ya hatari kubwa kwa afya, ingawa utafiti ulikuwa bado mchache. Likakumbusha kwamba adui mkubwa wa watu katika maji ni vijidudu vya kinyesi, vinavyoleta kipindupindu, homa ya matumbo na kuharisha.

Kwa hivyo jambo la kwanza nyumbani ni lilelile tunalofundisha siku zote: chemsha maji. Mtu asije akasema, "Mitungi ni ya plastiki, basi kuchemsha ni bure." Tena kuchemsha kunasaidia hata kwa plastiki. Wachunguzi wa China walionyesha mwaka 2024 kwamba maji yenye chokaa nyingi, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye sufuria, yakichemshwa, ile chokaa hunasa chembe na kushuka nazo. Katika maji ya namna hiyo hadi sehemu 9 katika 10 za chembe ziliondolewa yalipochujwa baadaye. Maji laini, yasiyo na chokaa, yaliondolewa kidogo zaidi, karibu robo.

Mambo mengine ya nyumbani ni haya:

• Maji yakishachemka, yaache yatulie na kupoa. Yamimine polepole kupitia kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne. Mashapo ya chini usiyamimine. Kitambaa kifuliwe na kuanikwa juani.

• Mtungi uwekwe kivulini. Mtungi uliopauka na kuanza kumenyeka ndani usitumike kwa maji ya kunywa. Mtungi wa udongo wenye kifuniko ni mzuri.

• Tusifunike wali au viazi kwa karatasi ya nailoni jikoni. Mama zetu walifunika kwa jani la mgomba, na chakula kiliiva. Uji au chai ya moto isitiwe katika chombo chembamba cha plastiki.

• Omena huliwa mzima pamoja na tumbo lake, nasi hatusemi watu waache kumla. Omena ni chakula cha watoto wetu, na kumnyima mtoto chakula hicho ni hasara tunayoijua. Tunachosema ni kwamba ziwa la omena lilindwe.

6. KIKUNDI KIFANYE NINI?

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Karatasi nzima ya mche, hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuiokota. Ikishavunjika vipande elfu na kuingia mtoni, hakuna mkono, hakuna chekecheke, hakuna serikali itakayoirudisha. Neno la somo letu zima ni hilo: tuiokote ingali kubwa.

Mwaka 2019 jahazi liitwalo Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki zilizookotwa na kubandikwa malapa kuukuu ya rangi nyingi, lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Mwaka 2021 likasafiri katika Ziwa Victoria. Fundi aliweza kuunda mbao za plastiki kwa sababu ile plastiki ilikuwa bado inaokoteka. Chembe zilizokwisha kusagika haziundi hata kasia.

Sisi tunapendekeza kazi tano.

Kazi ya kwanza: Tembeeni njia ya maji. Kabla ya mvua, kikundi kizima kitembee kutoka kilimani hadi kijitoni, palepale maji yanapopita. Andikeni mahali ambapo plastiki imejikusanya. Huko ndiko kwa kuanzia, si kando ya barabara mahali mgeni rasmi ataona.

Kazi ya pili: Hesabuni karatasi za miche. Hili ndilo tulilojifunza kwa aibu pale chemchemini. Zikitoka 500 kwenye kitalu, zirudi 500. Achaguliwe mtu mmoja mwenye gunia na daftari siku ya kupanda, na mche usipandwe kabla karatasi yake haijafika mikononi mwake. Karatasi zilizo nzima zioshwe na kutumiwa tena, hivyo msipasue hadi chini, bali mtoe mche taratibu. Jaribuni pia kusuka vikopo vya magome makavu ya mgomba, ambavyo hupandwa pamoja na mche na kuoza.

Kazi ya tatu: Magunia yawe ya ndani. Tusizibe makorongo kwa magunia ya nailoni yaliyojazwa udongo. Mwaka wa pili yamepasuka na mvua imechukua vyote viwili. Tumieni mawe, vigingi vya miti inayochipua, na majani ya nepia. Bustani ya gunia iwekwe kivulini au izungushiwe majani makavu, na gunia likianza kutoa nyuzi liondolewe.

Kazi ya nne: Wekeni kizuizi mferejini. Pale mfereji unapokaribia kijito, simamisheni wavu wa kuku au vijiti vilivyosukwa. Maji yapite, karatasi na chupa zibaki. Wekeni zamu ya kukisafisha kila baada ya mvua, la sivyo kitafurika na kazi itakuwa bure. Maji ya kufulia nayo yasimwagwe mtoni. Yamwagwe mbali na maji, kwenye shimo lenye kokoto na majani, ili nyuzi zinaswe.

Kazi ya tano: Tunzeni mlichookota. Tusichome plastiki. Moshi wake una sumu, hasa wa mabomba na nyaya, na mama aliye na mtoto mgongoni ndiye anayeuvuta. Tusizike karibu na chemchemi. Tafuteni pipa au magunia chini ya paa, mtenge plastiki ngumu kama mitungi, beseni na chupa, kwa kuwa zina wanunuzi mjini, na fedha ziingie mfuko wa kikundi. Karatasi nyembamba na chafu hazina mnunuzi. Hizo ziwekwe pakavu, na kikundi kiandike barua kwa kaunti kuomba zichukuliwe. Chini ya Katiba ya 2010, uondoaji wa takataka ni kazi ya serikali ya kaunti, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Barua iwe na tarehe, muhuri wa kikundi na nakala kwa Chifu. Ile ya kwanza isipojibiwa, andikeni ya pili.

Na katika duka: afadhali kiondo kuliko karatasi, na bidhaa ya kupimiwa kuliko vipakiti kumi vidogo. Kisichoingia kijijini hakitafika mtoni.

Wengine watasema, "Sisi ni kijiji kimoja, viwanda ni vingi." Ni kweli, na wenye viwanda lazima wabebe mzigo wao. Mwezi Machi 2022 mataifa yalikutana hapa Nairobi yakakubaliana kuandika mkataba wa dunia juu ya plastiki, na mazungumzo yaliyofanyika Geneva mwezi Agosti 2025 yalimalizika bila mapatano. Mvua nayo haikungoja kikao. Wakati wakubwa wanajadiliana, karatasi iliyo katika korongo letu inazidi kupasuka.

JARIBIO LA KIKUNDI

Kateni vipande viwili vya gunia moja. Kimoja kifungwe juu ya paa palipo na jua, kingine kiwekwe ndani ya sanduku. Wakati huohuo zikeni shimo moja jani la mgomba, kitambaa cha pamba na karatasi ya mkate. Baada ya miezi mitatu vitazameni vyote mkutanoni, kila mtu ashike kwa mkono wake.

Halafu chukueni udongo wa korongo, mkoroge katika beseni la maji yaliyotiwa chumvi nyingi. Udongo utazama. Vipande vya karatasi na magunia vitaelea pamoja na majani. Mkitaka kujua kipi ni plastiki, choma sindano motoni uguse kipande: plastiki itayeyuka, jani halitayeyuka. Baadaye yachujeni maji yale kwa kitambaa kabla ya kuyamwaga.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni kazi gani ya maendeleo ya kikundi chetu imeacha plastiki udongoni? Nani anakumbuka ni wapi?

2. Maji tunayokunywa yamepita kwa nani kabla ya kutufikia? Yakitoka kwetu yanafika kwa nani?

3. Wazee wetu walibebea, walifunikia na kuhifadhia vitu kwa nini? Ni kipi kati ya hivyo tunaweza kukirudisha bila shida?

4. Nani atashika daftari la karatasi siku ya kupanda miti?

JIBU KWA MZEE

Mzee, ulituuliza kama tulikuwa tunalinda maji ama tunayachafua. Jibu letu ni kwamba tulifanya yote mawili. Miti ile ni kweli, na chemchemi haijakauka. Karatasi zile nazo ni kweli. Hatutaacha kupanda miti. Lakini siku ile tulibaki pale hadi jioni, pamoja na kina mama, tukafukua na kuokota tulizoweza kuziona. Tulijaza magunia mawili. Vile vipande vilivyokuwa kama majani ya chai hatukuweza kuviokota. Vilikwenda na maji tukivitazama.

Msimu ujao wa mvua kikundi kile kitapanda miche mingine juu ya chemchemi. Safari hii tutakuja na daftari.